Wadudu wa Kibuyu cha Kwai

Morogoro,
4 Machi 2024

Shangazi Klara mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ni joto tu la huku linalonisumbua.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Lakini mtandao hapo Kwai unashika kwenye ngazi za kanisa peke yake, na mara ya mwisho nilipokuwa nakueleza habari za sampuli za kinyesi, nilimsikia Mwinjilisti Emanueli akiuliza kwa nyuma kama naendelea vizuri na masomo. Mambo ya kazi yangu tuyaandike.

Nina ombi. Utafiti wangu wa shahada ya uzamili ni wa bakteria wanaogandisha maziwa kwenye vibuyu. Nimekusanya mtindi wa sehemu nyingi, lakini wa nyumbani sina. Naomba lita moja ya ule wako, kama unavyoutengeneza siku zote. Uweke kwenye hilo deli la barafu nililokutumia, umpe kondakta wa basi la Morogoro.

Si ombi dogo, Shangazi. Tarehe 14 Agosti kuna usaili wa nafasi ya kusomea uzamivu hapa hapa maabara. Nafasi ni moja, tunaoitaka ni sita. Msimamizi wangu, Dokta Esta, anasema mwenye matokeo ndiye atakayesikilizwa.

Mwanao,
Yunis


Kwai,
12 Machi 2024

Mwanangu Yunis,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu, nikaisomea tena jikoni peke yangu, na bado hainiingii. Unataka maziwa yangu ili utafute wadudu?

Mimi nimekulea toka kaka yangu alipofariki, nimekusomesha, na kanisa zima linajua Yunis wa Klara anasomea udaktari. Juzi tu mzee mmoja wa Magamba alikuja kunionyesha goti lake. Nikamwambia asubiri, mtaalamu yuko Morogoro. Sasa nitamwambia nini, kwamba unafuga wadudu kwenye sahani? Na unawalisha nini?

Hata hivyo ombi lako nimelitimiza. Nimeyaandaa maziwa kwa heshima ya jina letu. Huyo Dokta wako ayaangalie kwa miwani yoyote aitakayo.

Shangazi yako,
Klara


Morogoro,
20 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mzigo umefika, asante sana.

Nimeyapanda maziwa yako kwenye sahani kumi na mbili. (Zina kitu kama uji ulioganda, ndicho wanachokula.) Wiki nzima hakuna kilichoota. Hakuna hata kimoja! Dokta Esta ameuliza kama nina hakika ni maziwa na si chokaa ya ukutani.

Shangazi, naomba usikasirike. Je, uliyachemsha?

Bakteria wa mtindi si uchafu. Ni viumbe wadogo sana wasioonekana kwa macho, na bila wao maziwa hayagandi, yanaoza tu. Mimi nawataka wakiwa hai. Ukichemsha unawaua wote, na mimi nabaki kama mtu aliyealikwa harusini akakuta maharusi wameshazikwa.

Na wewe mwenyewe uliniambia kwenye simu nisiseme "kinyesi" mbele za watu, kwa hiyo goti la yule mzee nalo silitaji.

Mwanao,
Yunis


Kwai,
27 Machi 2024

Yunis,

Marahaba. Ndiyo, niliyachemsha. Mara mbili. Na kibuyu nilikiosha kwa sabuni, halafu kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe, halafu nikakianika siku mbili juani, na jua la Kwai mwezi huu unalijua, lilibidi nilifuate na kibuyu mkononi. Nilipoona umeandika "hakuna kilichoota" nilifurahi, nikamsomea shemeji Nathanaeli. Kumbe ni lawama.

Sawa. Kama usafi ni kosa huko kwenu, kila mtu hapa anajua maziwa yenye wadudu yanapatikana wapi. Nimekutumia lita mbili. Hayajachemshwa, hayajaguswa. Yanuse mwenyewe. Ukishaona wanavyocheza ngoma humo ndani usiniulize zaidi.

Klara


Morogoro,
24 Aprili 2024

Shangazi, Shangazi, Shangazi!

Shikamoo mara mia.

Sijui nianzie wapi. Kwenye yale maziwa ya pili nimepata aina ya bakteria ambayo sijaiona kwenye sampuli nyingine yoyote, na nina sampuli arobaini na tatu. Nikaipanda sahani moja na bakteria wabaya, wale wanaowaharisha watoto mpaka wanalazwa. Asubuhi nikakuta kila alipo bakteria wa kibuyu chako, pembeni yake pana duara tupu, safi kama uwanja uliofagiliwa. Wale wabaya hawakuthubutu kusogea!

Dokta Esta aliishika ile sahani juu ya taa, akaigeuza huku na huku. Kisha akasema, "Huyu shangazi yako ni nani?" Mimi nikasema ndiye aliyenilea. Tumempa huyo bakteria jina la muda: Klara Moja. Limeandikwa kwenye daftari la maabara.

Sasa sayansi haiamini kitu kilichotokea mara moja. Lazima nirudie mara tatu kwa maziwa mapya ya kibuyu kile kile. Naomba utume mengine, yale yale.

Nilikuwa na hofu na usaili. Leo nimekula ubwabwa wa watu wawili.

Mwanao,
Yunis


Kwai,
2 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Habari zako zilifika Jumamosi, na Jumapili Mwinjilisti akazitangaza baada ya matoleo. Mimi sikumwambia atangaze. Nilimwonyesha tu barua, nikamwachia, nikakaa benchi la mbele.

Toka siku hiyo watu wanapanga mstari mlangoni kwangu wakitaka mtindi wa kuzuia kuhara. Mtu mmoja kaja kutoka Lushoto mjini na ndoo. Ninao ng'ombe wawili tu, Yunis.

Nimetuma maziwa. Kama yatakuwa tofauti kidogo na yale usishangae. Maziwa ni kama mtu, leo hivi, kesho vile. Tena ng'ombe mmoja alikula kabichi za jirani, na kibuyu nacho kilikuwa kimeingia baridi.

Hivi hilo jina, likishaandikwa kwenye daftari, linafutika?

Klara


Morogoro,
30 Mei 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Maziwa yalifika vizuri. Klara Moja hayumo.

Nimemtafuta kwenye sahani sitini. Nimepata bakteria wachache wa kawaida, wamekonda, wamekaa mbalimbali kama watu walionuniana. Niliporudi kupima akiba ya maziwa ya mwezi wa tatu, Klara Moja yupo tele.

Jana Dokta Esta aliniita ofisini, akafunga mlango. Aliniuliza taratibu kama siku ile kulikuwa na sampuli nyingine mezani. Hakusema kwamba nimedanganya, lakini swali lilikuwa na harufu hiyo. Nikamwambia, "Dokta, nilifungua deli mwenyewe, barua ya shangazi ikiwa juu yake." Akasema, "Basi rudia."

Naomba tena, Shangazi. Fikiria vizuri: siku ile ulifanya nini ambacho hukufanya safari hii? Kibuyu gani, ng'ombe yupi, ulikamua saa ngapi? Hata jambo dogo.

Mwanao,
Yunis


Kwai,
7 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimefikiria, sikumbuki kitu. Nimetuma mengine. Safari hii kibuyu sikukiosha kabisa. Nimekivumilia siku tano, mpaka Nathanaeli akahamishia kiti chake uani.

Huko maabara watawaona tu. Waambie wawe na subira.

Klara


Morogoro,
28 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo.

Hayumo. Nimemtafuta kwa kila njia ninayoijua.

Nimekaa nikafikiri na naona jibu limebaki moja, kwamba nilikosea mimi. Labda nilichanganya chupa. Labda bakteria huyo alitoka kwenye mkono wangu, au kwenye sampuli ya mtu mwingine, nami kwa furaha nikaona nilichotaka kuona. Mtafiti asiyeweza kuaminiwa na chupa zake hafai maabara, na ni afadhali alijue hilo mapema.

Tarehe 15 Julai nitampelekea Dokta Esta barua ya kuondoa yale matokeo, na jina langu nitalitoa kwenye usaili. Shuleni kwetu pale Kwai wanahitaji mwalimu wa baiolojia, nimeulizia.

Usihuzunike. Wewe umefanya kila nilichokuomba. Mwambie Mwinjilisti asitangaze kitu.

Mwanao,
Yunis


Kwai,
5 Julai 2024

Mwanangu Yunis,

USIPELEKE HIYO BARUA.

Kaa chini kwanza. Mimi nimesimama, kiti hakinikai.

Hukukosea chupa. Maziwa ya mwezi wa tatu hayakuwa yangu. Yalikuwa ya Mwanaheri.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano, kwa hiyo unaikumbuka sherehe yako ya kipaimara, lakini maneno ya jikoni hukuyasikia. Siku ile mtindi wa Mwanaheri, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, ulikwisha kabla ya sala ya chakula. Wangu ulibaki sufuria nzima. Mtu akauliza huu nao vipi, na Mwanaheri akasema mbele ya wanawake wote, "Wa Klara ni mzuri, unafaa kunawia mikono." Toka siku hiyo, miaka kumi na miwili, sijamsalimia. Tukikutana sokoni mimi napima nyanya, yeye anapima karoti.

Uliponiandikia kwamba unataka maziwa yenye wadudu, nikasema moyoni, haya, wapelekewe ya Mwanaheri, Morogoro nzima ijue. Nikamtuma shemeji Nathanaeli akayanunue. Halafu ukaja na habari za maajabu, na jina langu kwenye daftari, na tangazo kanisani. Nikashindwa kufungua mdomo. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Mpaka uliposema unajitoa, wewe, kwa kosa langu.

Jana mchana nilivuka korongo. Sikuwa nimekanyaga kule toka enzi zile, ukiacha siku za msiba wa mumewe. Nikabisha hodi.

"Nani?" akauliza kutoka ndani.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Klara."

"Klara yupi?"

Yunis, Kwai nzima ina Klara mmoja! Nikataka kugeuka. Nikakumbuka barua yako, nikasema, "Klara wa sufuria iliyobaki." Hapo ndipo akasema karibu.

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Akaendelea kuchambua maharage. Nilipomaliza akasema, "Nathanaeli toka azaliwe hanywi maziwa, yanamvuruga tumbo. Siku moja anakuja kutaka lita mbili. Ulidhani sijui yanakwenda kwa nani?"

"Na bado ulimpa?"

"Nilimpa ya kibuyu kikubwa, yale ninayowawekea wageni. Nikasema, Klara kanikumbuka, anataka kuonja, anaona haya kuja. Nikasubiri urudishe chombo." Akaniangalia. "Yalikuwaje?"

Nikamwambia sikuyaonja. Niliyapeleka Morogoro yakapimwe uchafu.

Alicheka, mwanangu, mpaka maharage yakamwagika. Akanigombeza kwa Kishambaa, maana kwa ugomvi mzito Kiswahili hakimtoshi, na katikati ya kunigombeza akanivutia kigoda. Nami nikamwomba msamaha wa kitu kingine, si cha maziwa. Mumewe Hassani alipofariki nilikwenda msibani, lakini nilikaa na wapishi nyuma ya nyumba siku zote tatu, sikuingia ndani kumshika mkono. Akasema, "Nilikuona. Nilikula ugali wako." Basi tukalia kidogo, wote wawili, tukaokota maharage.

Amekubali kutoa maziwa, ila kaweka sharti, na anataka kuliandika kwa mkono wake. Nimeambatanisha.

Nisamehe. Huyo Dokta wako kama anataka mtu wa kumfungia mlango, anifungie mimi.

Shangazi yako,
Klara


Kwai,
5 Julai 2024

Kwako binti yetu Yunis,

Salaam. Sisi wazima, alhamdulillahi.

Klara kanieleza. Maziwa nitatoa, ya kila siku ukitaka. Sharti langu ni hili: nimesikia kuna wadudu wangu huko wanaitwa Klara. Wabadilishwe jina. Jina langu alinipa baba yangu na halijachakaa.

Klara kasema uliuliza habari za kibuyu. Hakijawahi kuona sabuni. Nilikuja nacho kutoka Magoma nilipoolewa, na mama alikuwa nacho kabla yangu. Nakisuuza kwa maji baridi, nakisugua ndani kwa kijinga cha moto mpaka kinuke moshi, na chini huwa naacha maziwa kidogo ya jana yawapokee ya leo. Sikufundishwa na mtu wa maabara.

Lakini maziwa safari hii sitayatuma. Njoo uyachukue mwenyewe. Yakipitia mikono mingi yanabadilisha ukoo.

Mwanaheri binti Hashimu


Morogoro,
20 Agosti 2024

Shangazi Klara na Mama Mwanaheri,

Shikamooni. Nawaandikia pamoja, maana habari ni moja.

Nilipozipata zile barua zenu mbili nilikwenda moja kwa moja kwa Dokta Esta, nikamsomea zote, hata ya sufuria. Nilitegemea anifukuze. Alisikiliza akiwa ameinamisha uso, na nilidhani ana hasira, kumbe alikuwa anajizuia kucheka. Halafu akageuka mkali kweli: "Kosa si la shangazi yako. Mtafiti anakwenda mwenyewe kwenye kibuyu. Wewe uliketi hapa ukangoja kondakta." Ndiyo maana mliniona huko mwishoni mwa Julai na maboksi yangu, na ndiyo maana nilisimama nyuma yenu kila mlipokamua, mpaka ng'ombe wa Mama Mwanaheri akanikanyaga.

Majibu ni haya. Bakteria yule yumo kwenye kibuyu cha Mama Mwanaheri, mara tatu kati ya tatu. Kwenye daftari sasa anaitwa Mwanaheri Moja. Jina la zamani nimelikata kwa mstari mmoja, kwa kuwa sheria ya daftari hairuhusu kufuta, na pembeni nimeandika sababu.

Kwenye usaili, mzee mmoja wa jopo alisoma hiyo sababu kwa sauti: "Mtoa sampuli alikuwa hasalimiani na mwenye kibuyu." Akavua miwani. Akaniuliza hizo nyumba mbili zina umbali gani. Nikasema korongo moja. Nyasi? Zile zile. Maji? Kijito kimoja. Ng'ombe? Ukoo mmoja. Akawageukia wenzake akasema watu wanazunguka nchi nzima kutafuta vibuyu viwili vinavyotofautiana kwa jambo moja tu, matunzo, na huyu binti amevipata kwao.

Kwa hiyo Shangazi, maziwa yako nayo yamo kwenye utafiti. Ni ya kulinganishia. Bila yako hakuna anayeweza kuonyesha kwamba siri iko kwenye kibuyu cha Mama Mwanaheri. Naomba usilichukulie vibaya.

Jana walibandika majibu. Nafasi ile moja nimeipata mimi. Miaka minne, mama zangu.

Mwanenu,
Yunis


Kwai,
1 Septemba 2024

Mwanangu Yunis,

Marahaba, na hongera. Nimepiga kelele mpaka Nathanaeli akaja na panga akidhani kuna nyoka.

Barua nilikwenda kuisomea kwa Mwanaheri, macho yake hayaoni vizuri maandishi yako madogo. Nilipofika pale pa "kulinganishia" nilitaka kuruka mstari. Nikaona aibu ya miezi mitatu inanitosha, nikausoma. Nikasubiri acheke. Hakucheka. Aliuliza tu, "Maana yake ni kwamba mimi bila wewe siaminiki?" Nikamwambia kisayansi ndivyo ilivyo. Akafikiri sana, akasema hiyo sayansi inamfaa Klara.

Jumapili nilisimama kanisani mwenyewe nikasema ukweli wote. Mwinjilisti alikohoa, lakini watu walisikiliza kuliko siku ya mahubiri. Mstari mlangoni kwangu umehamia kwa Mwanaheri, na sasa anakuja kwangu kukimbia watu. Yule mzee wa Magamba nimemweleza kwamba wewe ni daktari wa viumbe wasio na magoti. Amekubali kwenda hospitali.

Sabuni sijaacha. Nimeambiwa nisiache, kwa ajili ya utafiti. Sijawahi kuombwa na chuo kikuu niendelee na jambo, na naliendeleza kwa bidii.

Njoo Desemba. Kitanda chako kiko tayari kwangu. Ila Mwanaheri anasema chai ya asubuhi utakunywa kwake, kila siku, na anasema kama vile tumeshakubaliana. Imenichukua siku mbili, lakini nimekubali. Nitakusindikiza, nami nitanywa huko huko.

Shangazi yako,
Klara